Mgeni Njoo, na Mwenyeji Naye Akae: Sinia la Kipupwe kwa Mkoba Mdogo



Juma hili twaanza kwa barua. Dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Nairobi pamoja na mumewe na watoto wao wawili, ametuandikia kutoka Kawangware. Anaishi katika nyumba ya vyumba viwili, orofa ya tatu. Asema hivi: "Huu ni mwaka wa pili, na hakuna mgeni aliyekaa juu ya mkeka wangu. Kila mama mkwe na mawifi zangu wakitaka kuja kunijulia hali, huwaambia bado hatujatulia. Ukweli ni kwamba siwezi kupika biriani la watu kumi na wawili, na naona haya kuwapa chai kavu. Sasa wameniambia watakuja wakinikuta nimetulia au sijatulia. Nifanyeje?"

Tulipoimaliza barua hiyo tulitazamana, kwani kila mmoja wetu alijiona ndani yake. Sisi tuliolelewa pwani tulikuta milango iko wazi. Jirani aliingia bila ya kuitwa, akakuta sahani imefunikwa kawa, akala alichokikuta. Hapa Nairobi kuna lango la chuma, bawabu mwenye daftari, na bei za vitu zinazomfanya mtu ahesabu vichwa vya wageni kabla ya kuwahesabu wapendwa wake. Kidogo kidogo mtu huacha kualika, kisha na yeye huacha kualikwa. Huo ndio upweke wa mjini, na mara nyingi huanzia jikoni.

Tena lipo jambo jingine. Tunapenda kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini tazameni mwenyeji wetu wa siku hizi. Aamka kabla ya alfajiri kuosha mchele na kukaanga vitunguu, asimama motoni hadi adhuhuri, na wageni wakifika humwona akipita tu na bakuli mkononi. Anapopata nafasi ya kuketi, wao wanatafuta viatu vyao. Mwenyeji huyo amepona nini?

Basi tuliamua kumwendea dada yetu. Tulikuwa watatu wa ukumbi huu, na shabaha yetu ilikuwa moja: kuandaa sinia la vitafunio litakalowatosha watu kumi na wawili, kila kilichomo kiwe halali, gharama isizidi shilingi 2,500, na mwenye nyumba aketi pamoja na wageni wake tangu mwanzo hadi mwisho.

JINA GENI, JAMBO LA KALE

Huenda mmeyaona masinia ya namna hii katika karamu za Kilimani, Lavington na Westlands. Huwa ni ubao mpana uliopangwa vipande vyembamba vya nyama baridi, jibini, matunda, njugu, mikate midogo na vibakuli vya chatini. Kila mtu hudokoa apendacho huku mazungumzo yakiendelea. Kwa jina la Kifaransa huitwa shakuteri. Asili ya neno hilo ni maneno mawili, nyama na kupikwa, na kwa karne nyingi huko Ufaransa limekuwa likitajwa pamoja na maduka ya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Ndiyo maana mama wa Kiislamu akilisikia hurudi nyuma hatua moja, na ana haki.

Lakini tukiliweka jina kando tukaitazama kazi yenyewe, twakuta kwamba si ngeni kwetu. Kazi hiyo ni kuihifadhi nyama isiharibike, kisha kuila kidogo kidogo pamoja na mkate na kitu kichachu. Ndugu zetu Wasomali na Waborana wana nyirinyiri: nyama ya ngamia au ya ng'ombe iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo mno, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Mtungi mmoja huweza kusafiri safari ndefu ya jangwani bila kuharibika, na leo nyirinyiri yauzwa Eastleigh kwa vipimo. Wavuvi wetu wana ng'onda na papa mkavu. Na kuhusu sinia, ni mswahili gani afundishwe kula kwenye sinia? Tangu utotoni tumelizunguka wanne au watano, kila mmoja akala mbele yake.

Kwa hiyo hatukwenda Kawangware kuiga. Tulikwenda kupanga upya vitu tulivyovijua.

KWA NINI WAKATI HUU

Pwani, kusi linapovuma na kipupwe kikaingia, hewa hupoa na watu husema alhamdulillahi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti huwa na baridi ya kweli. Jua hujificha siku nzima, na watoto huenda madrasa wamevaa masweta mawili. Huu si msimu wa maembe, na anayeyatafuta atayalipia. Lakini maparachichi yamejaa, machungwa na machenza kutoka Makueni yanaingia, karakara na matunda damu yapo, na viazi vitamu na nduma, ambazo sisi wa pwani twaziita majimbi, zimepangwa mafungu kando ya kila barabara.

Kanuni ya kwanza ya sinia la bei nafuu ni hiyo basi: uliza kilichojaa sokoni, kisha ndipo uamue utakachoandaa. Mtu akiandika orodha nyumbani kwa kutazama picha ya Ulaya, atarudi na zabibu na tofaa zilizovuka bahari, na mkoba mtupu.

TULIVYONUNUA

Siku ya Alhamisi tuliteremka mjini. Mmoja wetu alidamkia Marikiti, yaani soko la Wakulima lililo Haile Selassie Avenue. Soko hilo ni la jumla, na faida yake huonekana mkiwa wengi. Majirani watatu wakichanga wakanunua pamoja kisha wakagawana, kila mmoja hupata nafuu. Akienda mtu peke yake kutafuta maparachichi manne, afadhali ayanunue karibu na kwake.

Wawili wetu tulipitia Msikiti wa Jamia, ule uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933 na ambao minara yake huonekana na kila aingiaye katikati ya jiji. Katika mitaa inayouzunguka hupatikana tende, ubani, kachiri za muhogo na viungo, na jirani yake ni City Market, soko lenye maua, matunda na nyama. Tulitazama maua, tukaridhika kwa kuyatazama, tukanunua tende nusu kilo na pakiti ya kachiri.

Kisha tukapanda matatu ya nambari 46 hadi Kawangware. Vilivyosalia vyote tulivipata huko. Akina mama wauza mboga wa Kawangware na wa Kangemi, huko kandokando ya Waiyaki Way, wana bei zisizopungua sana kwa kushindania, lakini wana nyongeza. Mnunulie kwa upole, umjulie hali, na fungu la dania litaingia kikapuni bila ya kuombwa.

Nyama tuliinunua katika bucha ya Waislamu. Hapa twaomba tusimame kidogo. Soseji na nyama za kukatwa nyembamba zinazouzwa madukani zina maswali matatu: mnyama alichinjwaje, ngozi ya nje ya soseji imetoka kwa mnyama gani, na je, kiwanda hicho hutengeneza pia bidhaa za nguruwe? Tafuta alama ya halali kwenye pakiti, kama ile ya Kenya Bureau of Halal Certification, na usitosheke na neno la mwuzaji aliye mbioni. Jibini nayo hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho huenda kimetoka katika tumbo la ndama, na wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa kauli zaidi ya moja. Asiyetaka shaka achague iliyoandikwa kuwa imegandishwa kwa kimeng'enya cha mimea. Sisi tuliyaepuka maswali yote kwa njia nyepesi, nayo ni kuitengeneza nyama na jibini nyumbani. Na ikawa rahisi kwa bei pia.

NYAMA BARIDI YA VIUNGO

Chukua kilo moja ya nyama ya paja isiyo na mfupa, pande moja lisilokatwa. Isugue kwa vijiko viwili vya mezani vya chumvi, kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, pilipili manga, bizari nzima iliyokaangwa ikasagwa, na maji ya ndimu mbili. Iache mahali pa baridi usiku mmoja.

Asubuhi ioshe chumvi ya juu, itie sufuriani na maji ya kuifunika, pamoja na kijiti cha mdalasini na karafuu tatu. Ikichemka punguza moto, iive polepole kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka kisu kipite bila kushindana. Iache ipoe ndani ya mchuzi wake hadi uweze kuishika. Kisha ikunje katika kitambaa safi, iweke kwenye sahani, na juu yake weka sahani nyingine na kitu kizito. Sisi tuliweka kinu. Iingize kwenye jokofu ilale humo. Kesho yake ikate vipande vyembamba sana, ukikata kinyume cha nyuzi za nyama. Hapo kilo moja hugeuka lundo, na mtu hudhani umenunua kilo tatu.

Asiye na jokofu aipike asubuhi ya siku ile ile, aikandamize saa mbili tatu, na iliwe siku hiyo. Baridi ya Nairobi isimdanganye mtu kuwa dirishani ni jokofu. Mchuzi uliobaki usimwagwe, kwani ni supu ya chajio.

JIBINI YA NDIMU

Chemsha lita mbili za maziwa. Dada yetu huyanunua kwenye mashine ya maziwa iliyo chini ya nyumba yao. Yakifura, punguza moto na utie maji ya ndimu kijiko baada ya kijiko huku ukikoroga taratibu. Vijiko vinne au vitano vya mezani vyatosha. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe yanajitenga na maji ya rangi ya kijanikijani. Hapo zima moto. Chuja kwa kitambaa safi, suuza kwa maji baridi yaliyochemshwa ili uchachu upungue, tia chumvi na pilipili manga kidogo, funga, kandamiza kwa muda wa saa moja na nusu. Utapata pande la gramu 300 hivi, gumu la kukatika vipande vya mraba. Wahindi wa Parklands huiita paniri, nasi twaifahamu kwenye michuzi yao. Ikipakwa asali kidogo au ikilazwa pembeni mwa tende, hata mtoto asiyependa maziwa huila.

Maji yaliyobaki ya maziwa yatumie kukandia chapati, nazo zitakuwa laini.

CHATINI YA UKWAJU

Roweka gramu 100 za ukwaju katika kikombe cha maji moto kwa dakika ishirini, ufikiche na kuuchuja. Uchemshe na tende tano zilizotolewa kokwa, chumvi, pilipili na bizari nzima kidogo, mpaka uwe mzito. Tende zitaifanya sukari isihitajike. Sinia lolote lenye nyama na jibini lahitaji kitu kichachu cha kuamsha ulimi, ama sivyo mgeni hushiba kwa vipande vitatu na kuona amechoka. Mwenye achari ya embe kutoka kwao pwani, hii ndiyo siku ya kuifungua chupa.

KUPANGA

Tulitumia sinia kubwa la bati ambalo dada yetu alipewa siku ya harusi yake, na ambalo tangu ahamie Nairobi lilikuwa nyuma ya kabati. Kwanza tuliweka vibakuli vitatu: chatini katikati, asali upande mmoja, parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi upande wa pili. Vibakuli ndivyo nguzo, vingine vyote hufuata.

Kisha vitu vikubwa: viazi vitamu na nduma zilizochemshwa, zikakatwa vidole vidole, na mayai ya kuchemsha yaliyogawanywa mara mbili. Baadaye nyama, iliyokunjwa nusu nusu ili isilale kama karatasi, na jibini mbali nayo kidogo. Mahamri madogo, ya kumezwa kwa mara mbili, yalizunguka ukingoni. Matunda yalikuja mwisho: machenza yaliyomenywa, ndizi, matunda damu yaliyopasuliwa. Mianya iliyobaki tuliijaza njugu, tende, kachiri na vipande vya tango na karoti. Matunda ya maji tuliyatenga na kachiri na njugu, kwani chochote kikavu kikikaa ubavuni mwa chungwa hulegea.

Juu ya yote tulifunika kawa. Mambo yote ya kupanga yalichukua nusu saa, na jiko lilikuwa limezimwa.

HESABU YA SIKU ILE

Bei hubadilika, na kwenu huenda ikawa juu au chini. Sisi tulilipa hivi: nyama kilo moja shilingi 650, maziwa lita mbili 180, mayai kumi 150, viazi vitamu na nduma 180, maparachichi manne 100, ndizi kumi na mbili 120, machungwa na machenza 150, matunda damu 60, njugu karanga nusu kilo 130, tende 200, ukwaju, ndimu, dania, pilipili, tango na karoti 150, unga na nazi ya mahamri 200, kachiri 100. Jumla ni shilingi 2,370, yaani chini ya shilingi 200 kwa kila mtu. Asali ilikuwa ya nyumbani, na viungo na sukari ya chai hatukuvihesabu.

Kwa bei hiyo hiyo ya nyama, biriani la watu kumi na wawili lingehitaji kilo tatu, na kilo tatu peke yake ni shilingi 1,950, kabla ya mchele, mafuta, maziwa lala na gesi.

Aliye na uwezo mdogo zaidi aiondoe nyama, aongeze mayai na njugu, na sinia halitapungua heshima. Aliye na uwezo zaidi asiongeze aina, aongeze wageni. Tumeona masinia yaliyopangwa vitu thelathini kwa ajili ya picha, na nusu yake ikaishia jaani. Israfu haiwi ukarimu kwa kuwa imepangwa vizuri.

TAHADHARI CHACHE

Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima, kwani huwakaba. Waulize wageni kabla ya siku kama yupo asiyepatana na njugu au mayai. Akiwapo, kitu hicho kisiingie kabisa siniani, maana vipande hugusana. Mgeni mwenye kisukari mwekee karibu mayai, jibini, parachichi na tango, na umwachie mwenyewe uamuzi wa tende bila ya kumsimanga. Nyama, mayai na jibini visikae nje zaidi ya saa mbili. Weka nusu siniani, nusu nyingine ibaki kwenye jokofu, uongeze kadiri vinavyopungua. Na wekeni vijiko na koleo ndogo, si kila mgeni hupenda chakula kilichopitiwa na mikono mingi.

ALASIRI YENYEWE

Wageni walikaribishwa baada ya sala ya alasiri, siku ya Jumamosi. Walifika watu kumi na wawili kamili: mama mkwe, mawifi wawili na watoto wao, na jirani wawili wa orofa ile ile ambao dada yetu hakuwahi kuketi nao. Mkeka ulitandikwa, sinia likawekwa katikati, chai ya tangawizi na kahawa tungu zikawekwa kando ndani ya chupa.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Wakati wa kualika hatukusema wazi kuwa ni mwaliko wa chai. Kawa lilipofunuliwa, wifi mkubwa alilitazama sinia kwa furaha, akala kipande cha nyama, kisha akauliza kwa upole, "Wali u njiani?" Dada yetu alibadilika rangi. Tuliogopa kuwa kazi yote imeanguka. Kabla hajapata la kujibu, mama mkwe alimgeukia binti yake akamwambia, "Mwanangu, alasiri hii wali wa nini? Kula viazi."

Basi jifunzeni kwetu. Sinia hili ni la baina ya alasiri na magharibi, na mgeni aambiwe mapema, "Karibuni tunywe chai pamoja." Mgeni anayejua aliloitiwa haji na njaa ya adhuhuri, wala haoni amepunjwa. Ukimwalika mtu chakula cha mchana, mpikie chakula cha mchana, hata kama ni wali na maharagwe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama tulivyotumaini. Jirani mmoja alikuwa hajapata kuonja chatini ya ukwaju, akaieleza ya kwao. Watoto waligombania jibini yenye asali. Mwenye nyumba aliketi. Hakuinuka ila mara moja kuongeza nyama, na mara ya pili kwa ajili ya sala. Magharibi ilipokaribia, mama mkwe alimshika mkono akamwambia, "Leo nimekuona uso wako, mwanangu. Nikija kwa wakeze wanangu, aghalabu huona mgongo ukielekea jikoni."

Tulikumbuka kisa cha Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, kilichotajwa katika Suratu Adh-Dhariyat. Wageni asiowajua walipomjia, aliondoka kimya kimya kwenda kwa ahali zake, akarejea na ndama aliyenona, akawasogezea. Wanavyuoni wametoa katika kisa hicho adabu nyingi za ugeni. Alifanya haraka, hakuwauliza kwanza kama awaletee chakula, alitoa katika alichokuwa nacho nyumbani mwake, na alikisogeza chakula karibu nao. Ndama hatunaye sote. Lakini kuharakisha, kutoa tulicho nacho na kukisogeza karibu, hayo hayahitaji mkoba mkubwa.

Vilivyobaki vilitiwa katika vibakuli viwili. Kimoja kilishuka kwa bawabu aliye langoni, ambaye baridi ya usiku wa Kawangware aijua kuliko sisi sote. Cha pili kilivuka ukumbi kwenda kwa jirani mwenye mtoto mchanga ambaye hakuweza kuja. Sinia lilioshwa. Tulipotaka kulirudisha nyuma ya kabati, dada yetu alituzuia. Alilitundika ukutani jikoni, karibu na mlango.

Nanyi, mama zetu na dada zetu, tazameni nyuma ya makabati yenu. Na aliye na chatini au kitafunio cha kwao kifaacho sinia la baridi, atuandikie, tukigawane na wenzetu. Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia namna ya kuhifadhi ndimu na pilipili za msimu huu katika chupa.

Wabillahi tawfiq.